Chanda Chema Huvikwa Pete: Msanifu Majengo Hutuzwa kwa Lipi?

Mwezi Mei 2025, katika maonyesho ya kimataifa ya usanifu majengo mjini Venice, Italia, jopo la majaji lilitoa tuzo ya kutajwa kwa heshima kwa banda la Uingereza. Miongoni mwa wasimamizi wanne wa banda hilo walikuwa Wakenya wawili, Kabage Karanja na Stella Mutegi, waanzilishi wa ofisi ya usanifu ya Cave_bureau yenye makao yake Nairobi.

Kwa wakazi wa Mkwiro, Wasini na Shimoni, habari hiyo ina uzito wa pekee. Miongoni mwa mahali ambapo wasanifu hao wamefanya utafiti wao ni pango la Shimoni, ng'ambo ya mlango wa bahari kutoka kisiwani. Pango ambalo watoto wa shule huletwa kulitazama limekuwa sehemu ya kazi iliyowapa wasanifu wa Kenya sifa ulimwenguni.

Swali ambalo mkazi anaweza kuuliza ni hili: je, msanifu majengo hutuzwa kwa lipi hasa? Kwa kujenga ghorofa refu? Kwa kutumia fedha nyingi? Somo hili linaeleza kazi ya msanifu, namna heshima katika taaluma hiyo zinavyotolewa, na jinsi mkazi wa kawaida anavyoweza kutumia vipimo hivyohivyo kulipima jengo la umma linalojengwa kijijini kwake.

Msanifu majengo ni nani?

Katika mazungumzo ya kila siku, kila anayehusika na ujenzi huitwa fundi. Kazi zenyewe, hata hivyo, ni tofauti. Msanifu majengo huchora jengo lote kabla halijajengwa: vyumba vikae vipi, mwanga uingie wapi, upepo upite wapi, na watu waingie na kutoka vipi wakati wa hatari. Mhandisi wa miundo hukokotoa nguvu za msingi, nguzo na mihimili ili jengo lisianguke. Mkadiriaji majenzi hupiga hesabu ya vifaa na gharama. Kisha wapo mafundi waashi, maseremala, mafundi bomba na mafundi umeme, ambao mikono yao ndiyo inayoligeuza karatasi kuwa ukuta.

Nchini Kenya, jina la msanifu majengo linalindwa na sheria. Chini ya Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, Sura ya 525, hakuna ruhusa ya kujiita msanifu majengo bila kusajiliwa na bodi ijulikanayo kwa kifupi kama BORAQS. Wanataaluma wenyewe wana chama chao, Architectural Association of Kenya, kifupi AAK, kilichoanzishwa 1967. Mwaka 2017 chama hicho kilimchagua Emma Miloyo kuwa rais wake, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Heshima hutolewaje?

Heshima za taaluma hii ziko za aina nyingi, lakini tatu ndizo zinazosikika zaidi.

Ya kwanza ni ile inayotolewa na vyama vya wasanifu wenyewe. Hapa mtu hupimwa na wenzake wanaoijua kazi. Taasisi ya wasanifu ya Uingereza, RIBA, imekuwa ikitoa Nishani ya Dhahabu tangu 1848. Shirikisho la Kimataifa la Wasanifu Majengo, UIA, lilianzishwa 1948 na likaanza kutoa nishani yake ya dhahabu mwaka 1984. Shirikisho hilo ndilo pia linaloadhimisha Siku ya Usanifu Majengo Duniani kila Jumatatu ya kwanza ya Oktoba.

Ya pili ni tuzo za wakfu na mashirika. Tuzo ya Pritzker, iliyoanza 1979, humheshimu msanifu kwa kazi yake ya miaka mingi. Tuzo ya Usanifu Majengo ya Aga Khan, iliyoanzishwa 1977, ina desturi tofauti: huheshimu mradi mzima, na sifa huweza kuwaendea pia mafundi, wenye mradi na jamii iliyoshiriki.

Ya tatu ni heshima inayotolewa katika maonyesho makubwa kama yale ya Venice, ambapo wazo jipya huweza kutambuliwa hata kabla halijawa jengo.

Ukiziangalia orodha za waliotuzwa, hasa katika miaka ya karibuni, jambo moja hujitokeza. Wengi hawakusifiwa kwa urefu wa majengo. Walisifiwa kwa kutatua shida ya watu kwa vifaa na maarifa yaliyokuwa karibu nao.

Waliovikwa pete

Mtu wa kwanza kupewa nishani ya dhahabu ya UIA, mwaka 1984, alikuwa Hassan Fathy wa Misri. Katika miaka ya 1940 Fathy alisanifu kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor kwa matofali ya udongo na mapaa ya kuba. Wakati wengine waliona udongo ni alama ya umaskini, yeye alionyesha kwamba nyumba ya udongo iliyopangwa vizuri hukaa baridi mchana na hugharimu kidogo. Hata hivyo, familia nyingi zilizokusudiwa kuhamia kijiji hicho zilikataa kuhama. Funzo lake ni kwamba jengo zuri pekee halitoshi; lazima wenyewe wakubali.

Miaka mingi baadaye, Francis Kéré aliyezaliwa kijiji cha Gando, Burkina Faso, alilibeba funzo hilo. Shule ya msingi ya Gando, iliyokamilika 2001, ilijengwa na wanakijiji wenyewe kwa matofali ya udongo. Paa la mabati liliinuliwa juu ya dari ili hewa ya joto ipite katikati na kutoka, badala ya kuwaangukia watoto darasani. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker. Kazi yake iko pia hapa Kenya: kampasi ya Startup Lions huko Turkana, ambayo minara yake ya kupitishia hewa ilibuniwa kwa kuiga vichuguu vya mchwa.

Mwaka 2023 Nishani ya Dhahabu ya RIBA ilikwenda kwa Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza kuwa msanifu majengo nchini Pakistan. Baada ya miaka mingi ya kusanifu majengo makubwa ya mijini, Lari aligeukia waathiriwa wa mitetemeko na mafuriko, akawafundisha kujijengea nyumba kwa mianzi, udongo na chokaa. Chokaa ni kitu ambacho mtu wa pwani hahitaji kuelezwa.

Afrika Mashariki pia ina waanzilishi wake. Jumba la mikutano la KICC mjini Nairobi, lililofunguliwa 1973, ni kazi ya David Mutiso, msanifu majengo Mwafrika wa kwanza wa Kenya, pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway. Nchini Tanzania, Beda Amuli alisanifu Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa 1975. Paa lake la zege lina maumbo makubwa mithili ya miavuli iliyopinduliwa, yanayowapa kivuli wafanyabiashara na kukusanya maji ya mvua. Msanifu alitazama soko la kiafrika linavyokaa chini ya mti, akalijenga upya kwa zege.

Pango la Shimoni

Sasa turudi kwa kina Karanja na Mutegi. Ofisi yao, iliyoanzishwa 2014, ina mradi wa muda mrefu unaoitwa Anthropocene Museum, yaani makumbusho ya zama ambazo binadamu ameibadilisha dunia. Badala ya kujenga jumba la makumbusho, wao huenda kwenye mapango yenye historia, huyapima kwa vifaa vya leza hadi kila kona iwe kwenye mchoro, na hukaa na jamii zinazoyatunza. Walifanya hivyo katika mapango ya Mbai, yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau, na katika mapango ya Mlima Suswa. Shimoni ni kituo kingine cha safari hiyo.

Pango la Shimoni ndilo lililoupa mji jina lake. Kwa masimulizi ya wenyeji, watu waliotekwa walifungiwa humo wakisubiri kusafirishwa kwa majahazi. Hatua chache kutoka hapo yamesimama majengo ya kale ya enzi ya kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Kwa hiyo ndani ya mwendo mfupi wa miguu mgeni hukutana na biashara ya utumwa, ukoloni na maisha ya leo ya wavuvi.

Msanifu anapolipima pango kama hilo kwa uangalifu uleule ambao angelipima jengo la kifalme, anatoa hoja: kwamba historia ya watu wasioacha majumba nayo ni usanifu, na inastahili kuhifadhiwa. Hoja hiyo ndiyo iliyosikika Copenhagen na Venice. Mwaka 2023 kazi za Cave_bureau zilipewa maonyesho yake yenyewe katika makumbusho ya Louisiana, kaskazini mwa jiji la Copenhagen, Denmark.

Lakini pango halikuhifadhiwa na msanifu. Limehifadhiwa na wazee waliokataa lisahaulike na wanajamii wanaowaongoza wageni humo. Pete ikivikwa chanda, mkono mzima hupendeza.

Mafundi wasio na majina

Hapa ndipo somo la heshima linapogusa Kwale kwa kina. Pwani yetu imejaa kazi bora ambazo waliozifanya hatuwajui. Msikiti wa Kongo huko Diani, kwenye mdomo wa mto, umesimama kwa karne nyingi na bado watu husali ndani yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kisiwani Wasini yamebaki magofu na makaburi ya kale ya Wavumba. Aliyekata mawe, aliyechoma chokaa na aliyepima kibla kwa usahihi hakuna jina lake lililoandikwa mlangoni.

Maarifa yao yalikuwa ya hali ya juu. Ukuta mnene wa matumbawe hukawiza joto la mchana lisifike ndani. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo nyumba ilipimwa na msitu. Baraza mbele ya nyumba lilimpa mgeni mahali pa kukaa bila kuingia faraghani mwa wenye nyumba. Paa la makuti lilipumua. Na kisiwani, ambako mwamba ni wa matumbawe na maji matamu ni adimu, kwa vizazi vingi watu walitegemea mvua iliyokusanywa katika mabirika na majabia.

Leo maarifa hayo yako hatarini kwa sababu mbili. Wazee wanaoyajua wanapungua, na vijana wengi hujifunza ujenzi wa tofali la simiti peke yake. Matokeo huonekana kwenye majengo ya kale: ukuta wa chokaa unapopigwa plasta ya simiti, unyevu hunaswa ndani, na ukuta uliodumu karne nyingi huanza kumomonyoka. Kumheshimu fundi wa zamani si kumsifu tu mbele ya barza. Ni kuandika anachokijua, kumpa mwanafunzi, na kumwita kazi ya ukarabati inapotokea.

Vipimo vitano kwa mkazi

Mkwiro haina barabara ya magari. Kila mfuko wa simiti, kila bati na kila chuma hufika kwa mashua na kupandishwa kwa mabega. Kosa la mchoro hapa ni ghali kuliko kosa lilelile bara. Kwa hiyo mkazi ana sababu ya kuuliza maswali ambayo majaji wa tuzo huuliza. Maswali matano yanatosha kuanzia.

*1. Jengo linashughulikia maji vipi?* Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja ya maji. Darasa lenye paa la mita 100 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, huweza kukusanya karibu lita 1,000, ukitoa kiasi kinachopotea. Paa lisilo na mifereji wala tangi kisiwani ni neema inayomwagwa.

*2. Linapitisha hewa na kuzuia jua?* Madirisha yanayotazamana huruhusu upepo wa kusi na kaskazi kupita. Paa lenye ukingo mpana hukinga kuta dhidi ya jua na mvua. Jengo linalohitaji umeme mchana kutwa ili likalike limeshindwa mtihani wa kwanza.

*3. Vifaa vinahimili chumvi?* Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari vikichanganywa kwenye zege, chumvi hula nondo ndani kwa ndani. Chuma kikishika kutu huvimba na kupasua zege. Nyufa zinazofuata chuma, zenye madoa ya kutu, ni dalili ya hatari. Maji matamu, mchanga usio na chumvi na zege la kutosha kufunika chuma ni mambo ya kudaiwa tangu mwanzo.

*4. Wenyewe walishirikishwa?* Kina mama watakaotumia zahanati, wavuvi watakaotumia banda la samaki, watu wenye ulemavu watakaohitaji njia bila ngazi: waliulizwa kabla mchoro haujakamilika? Gourna Mpya ni onyo. Gando ni mfano.

*5. Nani atalitunza?* Jengo ambalo kipuri chake hakipatikani Mombasa litakaa likiwa limeharibika. Lile linaloweza kukarabatiwa na fundi wa kijijini litadumu.

Jengo linalopata majibu mazuri kwa maswali haya linastahili sifa, hata kama ni choo cha shule. Lisilopata halistahili, hata kama limepakwa rangi ya kung'aa siku ya kufunguliwa.

Kabla ya kujenga

Kuthamini taaluma huanza na kuitumia. Wakenya wengi wanakumbuka Aprili 2016, wakati jengo la makazi lilipoporomoka huko Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na makumi ya watu wakapoteza maisha. Misiba ya aina hiyo hukumbusha kwamba vibali, michoro na ukaguzi vipo kwa ajili ya uhai wa watu.

Mkazi anayekusudia kujenga anashauriwa kuzingatia haya:

- Hakikisha kwamba msanifu majengo unayemtumia amesajiliwa na BORAQS. Mwombe nambari ya usajili na uithibitishe kwa bodi.
- Omba idhini ya ujenzi kutoka kwa serikali ya kaunti kabla ya kuchimba msingi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaitaka kila kaunti kusimamia jambo hili.
- Uliza kama mradi wako unahitaji pia leseni ya NEMA. Karibu na ufuo, mikoko na miamba ya matumbawe, swali hili lisirukwe.
- Usivunje matumbawe hai wala kukata mikoko bila idhini. Mwamba ulio hai ni mazalio ya samaki na ngao ya kisiwa dhidi ya mawimbi.
- Weka nakala ya michoro iliyoidhinishwa mahali pa ujenzi, ili mkaguzi na fundi wasome kitu kimoja.

Kwa majengo ya umma, mkazi ana nafasi nyingine. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa umma katika shughuli zake. Mkutano wa bajeti au wa mradi unapoitishwa katika wadi ya Pongwe/Kikoneni, ambamo Mkwiro imo, mwananchi anaweza kusimama na kuomba kuonyeshwa mchoro, kisha akauliza maswali yale matano. Swali zuri likiulizwa mapema huokoa fedha ambazo marekebisho yangekula.

Mcheza kwao hutunzwa

Nishani za London na Venice zina faida yake. Humfanya mwanafunzi wa sekondari aone kwamba usanifu majengo ni kazi inayoweza kumfikisha mbali, na humkumbusha kila mmoja kwamba pango la nyumbani lina thamani machoni pa dunia. Lakini heshima inayodumu ni ile inayotolewa na watumiaji wa jengo. Shule ambayo watoto hawasinzii kwa joto, zahanati ambayo mzee mwenye mkongojo huingia bila kubebwa, birika lisilokauka hadi mvua nyingine: haya ndiyo maneno ya sifa ambayo hayahitaji jukwaa.

Na pale fundi au msanifu wa hapa nyumbani anapofanya kazi ya namna hiyo, jina lake liandikwe. Kibao kidogo ukutani, chenye jina la aliyechora, mafundi waliojenga na mwaka, hakigharimu kitu kikubwa. Wajukuu wetu wasije wakasimama mbele ya kazi zetu, kama tunavyosimama leo mbele ya Msikiti wa Kongo, wakauliza nani aliyejenga na asiwepo wa kujibu.

Maswali ya kujadili nyumbani, shuleni na kwenye barza

1. Ni jengo gani la umma kijijini kwenu linalofanya kazi yake vizuri kuliko mengine? Ni nani aliyelichora, na ni mafundi gani waliolijenga?
2. Pima urefu na upana wa paa la darasa lenu kwa mita. Mvua ya milimita 20 ingetoa lita ngapi?
3. Ni mzee gani eneo lenu anayejua kuchoma chokaa, kuezeka makuti au kujenga kwa mawe ya matumbawe? Nani anajifunza kwake?
4. Kama kijiji kingetoa tuzo moja kwa jengo bora kila mwaka, kingetumia vipimo gani?